Tangu Mama Aache Kusuka

Nilikuwa na miaka kumi na moja mama yangu aliponisuka mara ya mwisho, na laiti ningejua ni ya mwisho, nisingelia vile. Nililia kwa sababu alikuwa akivuta. Mtaa mzima hapa Palma walimjua hivyo: ukitoka mkononi mwake nyusi zimepanda, macho yamekuwa membamba, na usiku unalala kifudifudi. Lakini ususi wake haukuwa wa kulegea. Ulikwenda nao shamba, ukaoga nao baharini, ukapigana na mwenzio shuleni, mistari iko palepale. Siku ile nilipiga ukelele, akanigonga utosini kwa kitana, akasema, "Tulia wewe, nisije nikakuachia upande mmoja ukaenda shule hivyohivyo." Nikatulia, huku napandisha kamasi.

Sisi si wenyeji wa hapa. Baba na mama walitoka bara, kule Diaca, wakateremka pwani kabla sijazaliwa. Mtaa wetu ni wa Waislamu, watu wa ghuba ya Tungue tangu mababu, na nyumba za Kikristo zilikuwa tatu tu, yetu ikiwemo. Hakuna aliyetuuliza kitu. Mama alikuwa akisukia uani, nyuma ya ua wa makuti, maana wateja wake si watu wa kuonyesha nywele barabarani. Wakifika wanavua mitandio, wanaitundika kwenye kamba ya nguo, wanakaa chini mkekani na kichwa kinaingia katikati ya magoti yake. Hapo ndipo habari zote za mjini zilipokuwa zikitoka. Mimi najua mambo ya ndoa za watu hapa ambayo sikutakiwa kuyajua, na yote niliyapata kwa kujifanya nacheza na majivu.

Aliyekuwa hakosi ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye nywele nyingi na mdomo usiolala. Mama alimwita shoga, mimi nilimwita mama mkubwa. Kila wiki yuko pale, kila wiki analalamika. "Wee shoga, unanisuka au unaning'oa?" Mama anamjibu, "Nywele zako ngumu kama maneno yako." Wanacheka mpaka kuku wanakimbia.

Zamu yangu ilikuwa Jumamosi jioni, wateja wakiisha. Hizo ziliitwa nywele za kanisani, maana wakati ule tulikuwa watu wa misheni, na kesho yake ni misa. Sasa niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mama. Mama yangu hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Alikuwa mtu wa amri: chota maji, twanga, funga mlango, umelisha kuku? Ila nikikaa pale mkekani, sikio langu kwenye paja lake, sauti yake ilibadilika. Alinihadithia Diaca, mihogo ya mama yake, jinsi baba alivyomposa akiwa amevaa viatu vya kuazima vikubwa kuliko miguu yake. Vidole vyake vilikuwa vikitembea kichwani mwangu muda wote huo. Pale ndipo aliponipenda. Mahali pengine sijui, labda alinipenda pia, lakini pale nilikuwa na hakika.

Baba alipofariki, mama alihama misheni. Lilikuwapo kanisa dogo la bati, limeanzishwa na mhubiri aliyetoka kusini, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamsha maiti. Wanawake wa kanisa lile walikuja nyumbani kila siku ya matanga, walifagia, walipika, waliimba. Siwasemi vibaya. Walimbeba mama wakati ndugu zake wa damu wako mbali. Basi akawafuata, na mimi nikafuata kwa kuwa nilikuwa mtoto na mtoto hafuati imani, anafuata kitenge cha mama yake, kapulana tunavyoita huku.

Jumapili moja mhubiri akafungua barua ya Petro. Akasoma pale mtume anapowaambia wanawake kwamba pambo lao lisiwe la nje, la kusuka nywele na kuvaa dhahabu, liwe la moyoni. Akafunga kitabu, akatutazama. Akasema kusuka ni dhambi, hereni ni dhambi, na msiro, ule unga mweupe wa mti wanaopaka wanawake wa huku usoni, nao ni kujichora kama kahaba. Mwanamke afunike kichwa, avae nguo ndefu, basi. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameinamisha uso na mikono yake ameikalia, kabisa, ameiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Tulipofika nyumbani hakupika. Aliketi mkekani akafumua nywele zake mwenyewe, kisha akaniita akafumua zangu. Safari hii hakuvuta. Alifumua taratibu, msuko mmoja baada ya mwingine, na hakunihadithia chochote. Nikamuuliza, "Mama, unanisuka mtindo gani sasa?" Akasema, "Hakuna mtindo. Tumeacha." Nikadhani tumeacha wiki ile.

Wateja walikuja Jumatatu wakakuta mkeka umekunjwa. Mtaani watu walishangaa, halafu wakafanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Walimwona mama wa bara, aliyekuwa akitembea kichwa wazi na misuko yake inang'aa, sasa kajifunika mpaka shingoni, gauni mpaka kifundoni, hana hereni, hana mkufu. Wakasema huyu kasilimu. Bombani mwanamke mmoja alimshika mikono yote miwili, akampa salamu ya Kiislamu, akamwambia hongera sana dada, Mungu akuthibitishe. Mama alibaki mdomo wazi. "Mimi ni Mkristo!" akasema. Yule mama akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Mkristo gani wa hivi?"

Jirani ndiye aliyeumia. Alikuja kwa hasira, mtandio mkononi, nywele zimesimama. "Shoga, Mungu wenu huyo mbona ana wivu na vichwa vya watu?" Mama akamjibu, "Hata wewe unajifunika." "Najifunika nje," akasema jirani. "Ndani nimesukwa! Nikivua mtandio mume wangu anaona mtu. Wewe ukivua unaona nini?" Waliendelea kuwa mashoga, waliendelea kupelekeana mchuzi, lakini jirani alianza kusukwa na wakwe zake na hakuacha kulalamika kwamba hawajui kugawa mistari.

Mimi nikakua na kichwa changu ndani ya kitambaa, na hasira yangu ikakua nayo. Nilijifunza kusoma vizuri kwa sababu moja tu, nimshinde mama kwa kitabu chake. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipomwekea mbele. Nikamwambia, "Mama, mitume hawahawa wameandika watu wasalimiane kwa busu takatifu. Lini umembusu mzee wa kanisa?" Akasema, "Shika adabu yako." Nikamwambia wanawake wale walioandikiwa barua walikuwa matajiri wa Kirumi, wanafuma dhahabu kichwani mpaka maskini wanaona haya kuingia ibadani. Wewe ulikuwa ukisuka kwa uzi mweusi wa dukani, dhahabu ilikuwa wapi? Akasema Neno ni Neno. Nami, kwa ujinga wa umri ule, nikachukua jiwe kubwa zaidi. Nikasema, "Na bibi je?"

Bibi yangu wa Diaca, mama yake mama, alichanjwa uso mzima alipokuwa kigori, mistari na pembe, kama walivyofanyiwa wanawake wa Kimakonde wa rika lake. Alibatizwa na uso ule, akashika rozari kwa miaka yote, akafa nayo mkononi. Nikamwambia mama, "Mhubiri wako anasema torati inakataza kuchanja mwili. Basi bibi yuko motoni? Angeuacha wapi uso wake, aubandue?" Mama aliinuka akaingia ndani. Nikamsikia analia, na niliona nimeshinda. Ole wangu. Nilipika mimi siku ile, na hakula.

Nilipata kazi Afungi, jikoni, kwenye kambi ya wafanyakazi wa gesi. Sare ni suruali, na kichwani kofia ya wavu. Nikategemea vita vikubwa, maana suruali nayo ilikuwa kwenye orodha ya mhubiri, mwanamke asivae vazi la mwanamume. Mama alizikagua zile suruali, akazifua kwa mikono yake, akazianika chumbani, dirisha limefungwa, ili watu wa kanisa wasizione. Zilikuwa zinanuka uvundo kila siku. Shefe, mkubwa wetu wa jikoni, aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna mafuriko.

Mshahara wa kwanza nilikwenda sokoni nikasukwa rasta mpaka kiunoni. Yule binti alisuka vizuri, sina la kumlaumu. Alikuwa na simu sikioni, anatafuna chingamu, vidole vyake baridi. Nikaegemea pale kwenye kiti cha plastiki nikajaribu kufumba macho nijidanganye ni mama. Haikuwezekana. Nilirudi nyumbani nikiwa mzuri, jamani, mzuri kweli, na mama alinitazama kichwa akasema tu, "Amekuachia njia imepinda hapa nyuma." Lakini hakunyoosha mkono. Nilikaa na lile neno mwezi mzima. Aliona! Jicho lake lilikuwa bado linasuka.

Vita vilipofika Palma tulikimbia porini kama kila mtu, tukaishia Pemba, mji wa huku kwetu kusini, si kile kisiwa, uani kwa ndugu wa baba, watu ishirini na choo kimoja. Siku za porini nywele zangu zilikuwa zimegandamana na matope, chawa wakaingia. Sikuwa mtoto, nilikuwa mwanamke mzima, lakini nilikaa chini mbele ya mama nikamwegemezea mgongo kwenye magoti yake. Nikamwambia, "Mama, nisuke. Hapa hakuna mchungaji, hakuna kanisa, hakuna mtu anatujua." Nilihisi magoti yake yakikaza. Nilihisi hata pumzi yake utosini. Halafu akaniambia, "Mungu anatujua." Akaazima mkasi kwa wenyeji, akaninyoa, na machozi yake yakanidondokea shingoni. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno.

Tulirudi Palma baada ya muda, jirani naye akarudi na watu wake, tukaezeka upya. Kanisa la bati likafufuka, ila yule mhubiri mrefu hakurudi. Akaja mwingine, kijana wa kiasi, na mke wake. Wallahi, samahani, nimekaa sana na Waislamu, lakini lazima niape: mke wa mchungaji aliingia ibadani Jumapili ya kwanza kasuka! Mistari midogomidogo, imekwenda nyuma, na hereni ndogo. Kanisa likapigwa na bumbuwazi. Mchungaji akafungua barua ileile ya Petro. Akaeleza karibu yote niliyomwambia mama nikiwa na miaka kumi na sita, ya dhahabu, ya matajiri, ya majivuno. Akasema mtume hakuwa na vita na uzi na kitana, alikuwa anawauliza wanawake mioyo yao imevaa nini. Akina mama wakaanza kutazamana. Wengine walicheka kwa haya. Jumapili ya pili nusu yao wamesuka.

Jumapili zote mbili nilikuwa zamu; siku wenzangu waliponisimulia, nilitoka kazini nikakimbia nyumbani. Nina miaka inayoelekea thelathini, nakimbia. Nikamkuta mama anachambua mchele. "Mama, umesikia? Imeruhusiwa!" Akasema, "Nimesikia." "Basi nisuke. Leo. Sasa hivi." Aliendelea kuchambua, akaitoa pumba moja, akaitupa. Kisha akasema, "Kusuka ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kizuri, mwanangu. Sikuwa na shule, sikuwa na mume tena. Watu walinisifu kwa mikono hii. Siku ile nilimpa Mungu. Sasa nimnyang'anye kwa sababu mchungaji amebadilika?"

"Lakini hukuambiwa na Mungu, mama. Uliambiwa na mtu, na mtu yule alikosea!"

"Yeye alikosea kusema," mama akajibu. "Mimi sikukosea kutoa."

Mimi, mwenye mdomo huu, nilienda kukaa nyuma ya nyumba. Watu wakiniuliza leo kama yale maagizo ya mavazi na nywele bado yanatuhusu Wakristo, nawajibu bila kusita kwamba kila barua ina wenyewe, msome ilikuwa inawaambia akina nani. Nawajibu, halafu namkumbuka mama na sinia lake la mchele, najiona kama mtu aliyeshinda kesi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka jana mama mkubwa, jirani, akaugua. Tumbo lilivimba, mwili ukakauka, yule mnene wetu akabaki mifupa na macho. Mdomo tu haukuugua. Kwa kulala sana nywele zake zilisokotana nyuma zikawa donge gumu, linamchoma, linamwasha, na wakwe zake wakiligusa anapiga kelele. Alasiri moja akamwita mama. Nilikuwa siku ya mapumziko, nikaenda naye.

Akasema, "Shoga, nisuke."

Mama akasema polepole, "Unajua nimeacha."

"Najua. Sitaki uzuri. Hawa wataniosha karibuni, na wakiniosha watanifumua, ndivyo dini yetu inavyotaka, watanisuka wenyewe upya. Kazi yako haitaonekana na mtu. Nataka tu kulala chali bila kuchomwa. Na usinisuke ule mtindo wa twende kilioni, watanianzishia kilio mapema."

Wakwe zake wakacheka na kujifuta macho kwa pamoja. Mama alisimama pale mlangoni. Nilimwona anaitazama mikono yake, ndani na nje. Kisha akaomba maji ya vuguvugu na mafuta ya nazi, akapanda kitandani na gauni lake refu, akakaa nyuma ya shoga yake, akakilaza kile kichwa kwenye magoti yake. Alilifungua donge lile unywele kwa unywele. Ilichukua mpaka karibu na magharibi. Hakuvuta hata mara moja. Na sauti yake, ile ya mkekani, ile niliyoikosa karibu miaka ishirini, ikatoka yenyewe: akaanza kumhadithia Diaca, mihogo, baba na viatu vya kuazima.

Nitasema ukweli kwa sababu sina wa kumdanganya hapa. Nilimwonea wivu mgonjwa. Nilisimama kwenye kona ya chumba cha mtu anayekufa, nikatamani kichwa kile kiwe changu. Vidole vya mama vilianza kwa woga, vikateleza mara mbili, halafu vikakumbuka. Mistari sita, imenyooka, midomo yake imebana kama zamani. Mama mkubwa alifumba macho. "Mikono yako, shoga," akasema, na akalala usingizi.

Alikufa siku ya tatu. Wanawake walimwosha, wakamfumua kama alivyosema, na mama alikaa uani pamoja na wafiwa, mikono mapajani.

Baada ya arobaini nilishindwa kuvumilia. Nilifumua rasta zangu asubuhi, nikaosha nywele, nikachukua mkeka nikautandika uani mbele ya kigoda alichokalia. Nikakaa. Nikamgeuzia mgongo, nikaegemea magoti yake. Nikasema, "Mama mkubwa ulimsuka."

"Nilimsuka."

"Na Mungu hakukasirika."

"Sidhani kama alikasirika. Lile halikuwa pambo, mwanangu. Nilikuwa namuaga." Akanishika mabega, mikono yake miwili mizito, akanisukuma kidogo mbele. "Inuka. Wewe mzima. Siku utakaponiona nakusuka wewe, ujue nakuaga, na Mungu apishie mbali nisiione siku hiyo. Inuka, uende ukasukwe sokoni."

Nikainuka. Nikakunja mkeka, nikachukua ndoo nikaenda bombani na nywele zangu wazi, watu wananitazama. Njiani nikamwomba Mungu mama asinisuke kamwe. Sikuwa nimefika hata kwenye kona, nikamwomba anisuke mara moja tu. Najua haiwezekani anipe yote mawili, na hadi leo sijui nifute ombi lipi.